Dirisha la Mshahara

Historia ya mkonge imeandikwa sana. Tunajua nani aliuleta, reli ilifika lini, nani waligoma na nani walifukuzwa. Ofisi ya fedha ya shamba hutajwa pale tu palipotokea wizi. Mimi nimefanya kazi katika ofisi hizo tangu nikiwa msichana wa kuchonga penseli za wenzangu hadi nikawa mhasibu mwenye cheti cha bodi ya wahasibu, NBAA, na naona tumedhulumiwa. Basi nitaieleza Korogwe na Handeni kutokea dirishani kwetu, lile dirisha dogo lenye nondo ambalo mshahara ulitokea.

Baba yangu alikuwa Muha wa Kasulu aliyekuja Korogwe kwa mkataba, manamba kama maelfu ya wenzake. Mama ni Mzigua wa Sindeni, Handeni, na wajomba zangu walikuwa wakulima wa mahindi. Kwa hiyo nilizaliwa katikati ya hesabu: upande mmoja wanaongoja mshahara, upande wa pili wanaongoja mshahara huohuo utumike ili nao wapate chao.

Niliyojifunza kutoka pande zote mbili ni kwamba kazi ya watu wa fedha si kuhesabu noti. Noti anahesabu yeyote. Kazi yao ni kusimamia muda. Jasho linatoka leo, fedha inaingia baada ya miezi, na hapo katikati kuna watu wanaokula kila siku. Anayebeba pengo hilo ni nani: mwenye shamba, benki, mwenye duka, au mfanyakazi mwenyewe? Ukilijua jibu la swali hilo kwa kila kipindi, umejua sehemu kubwa ya historia ya huku kwetu.

Nianze kabla ya mkonge, Mazinde. Njia ya misafara iliyotoka Pangani na kupanda kando ya mto kuelekea bara ilipita pale tambarare, chini ya milima ya Usambara. Semboja, mmoja wa watoto wa Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Usambara, aliweka makao yake hapo, akawaachia wengine Vuga, mji mkuu wa mlimani, na heshima zake zote. Wanahistoria wanaeleza mambo ya bunduki na ushindani wa kifalme, na ni kweli. Lakini mimi naona pia akili ya mtunza hazina. Mtawala wa mlimani alitegemea kodi ya wakulima, ambayo huja kwa misimu na kwa visingizio. Semboja alitoza hongo, yaani ushuru wa njia, kwa msafara uliosimama mbele yake, na mwenye msafara hakuwa na nafasi ya kusema atalipa akirudi. Nguo, baruti na shanga ziliingia kabla watu hawajapita. Katika habari zote nitakazoeleza hapa, Semboja ndiye peke yake ambaye hakumkopesha mtu.

Wajerumani walikuja na mpangilio mwingine. Tangu 1898 walidai kodi ya nyumba, rupia 3 kwa nyumba ya kijijini, na walitaka watu waizoee fedha taslimu. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902. Mkonge ulikuwa umeshaingia tangu 1893, pale Dkt. Richard Hindorf alipoagiza miche 1,000 kutoka Florida. Mingi ilifia njiani na ikapona 62, iliyopandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutokana na hiyo 62, kufikia 1913 koloni lilikuwa likisafirisha karibu tani 20,000 kwa mwaka.

Watu husimulia habari ya miche 62 kwa mshangao wa mimea. Mimi hunishangaza muda. Mkonge unaupanda, unaupalilia, na unakaa miaka miwili au mitatu, wakati mwingine zaidi, kabla ya kukata jani la kwanza. Kisha jani lenyewe karibu lote ni maji na takataka. Katika kila kilo 100 unapata singa, yaani nyuzi, kilo 3 au 4. Jani likishakatwa halisubiri, ni lazima lipite mapema kwenye korona, mashine ya kutenga singa, lioshwe, lianikwe juani, lipigwe brashi, lipangwe kwa daraja, lishindiliwe kuwa robota la kilo 250, lipande treni hadi Tanga, lipakiwe kwenye matishari kwa kuwa meli kubwa zilitia nanga mbali na gati, liende Ulaya, liuzwe, ndipo fedha ianze kurudi. Ni kazi ya mtu mwenye mtaji mrefu. Na ambaye hana mtaji mrefu hutafuta mtu wa kumbebea pengo.

Aliyepatikana ni mkata mkonge. Mwaka 1907, katika wilaya ya Wilhelmstal, yaani Lushoto ya leo, Wajerumani waliwagawia wanaume kadi za kazi: kila mtu ajaze siku 30 za kumfanyia kazi Mzungu kwa ujira katika kila miezi minne, la sivyo apelekwe kwenye kazi za serikali. Kadi ile ilikuwa ya kulazimisha watu wafike kazini. Waingereza waliposhika nchi, karatasi ya siku 30 ikawa kitu kingine kabisa, ikawa njia ya kulipa mshahara. Ndicho kipande ambacho wazee wa Korogwe bado wanakikumbuka.

Baba alikihifadhi kimoja ndani ya kopo la chai hadi alipofariki. Ni kadi ngumu yenye vyumba 30. Ukimaliza kazi yako ya siku, mafungu yako ya majani thelathini thelathini yamepangwa na nyapara ameyakubali, karani anatia alama kwenye chumba kimoja. Usipomaliza, hakuna alama. Usipokwenda kazini, hakuna alama pia, wala hakuna wa kukuuliza sana. Vyumba vikijaa vyote, unaleta kadi dirishani, unatia dole gumba, unapokea fedha na kadi mpya. Mwezi wa kipande haukuwa mwezi wa kalenda. Kuna waliomaliza kwa wiki tano, kuna waliochukua sita au zaidi, na wakulima wa karibu walikipenda kwa sababu uliweza kukiacha ukaenda kupalilia mahindi yako ukarudi.

Hiyo ndiyo sifa yake, na nimesikia watu wakiisifu. Sasa itazame kwa macho ya ofisi ya fedha. Mtu mwenye alama 28 akiumwa, ana kazi ya siku 28 mikononi na hana hata senti moja anayoweza kuidai. Chukulia shamba lenye watu 1,000 ambao kadi zao, kwa wastani, zimefika nusu. Hizo ni siku 15,000 za kazi iliyokwisha kufanywa na haijalipwa. Majani yameshapita korona, singa ziko kwenye nyaya zinakauka, pengine zimeshafika Tanga. Kila kadi isiyojaa ilikuwa mkopo usio na riba ambao mkata mkonge amempa mwenye shamba, na hakuna daftari lililouandika kwa jina hilo. Nimesoma ripoti nyingi za zamani zinazolalamika kwamba Waafrika hawajui kuweka akiba.

Kwa manamba wa kutoka mbali palikuwa na kufuli la pili. Kuanzia 1944 wenye mashamba walikuwa na chombo chao cha kuandikisha watu, Silabu, kilichokusanya wafanyakazi kutoka Kigoma, Njombe, Songea na hata nje ya mipaka. Sehemu ya mshahara wa mtu wa mkataba iliwekwa, apewe mwishoni anaporudi kwao. Walieleza kuwa ni kwa faida yake, asije akarudi mikono mitupu, na kwa wengine ilikuwa hivyo kweli. Lakini fedha hiyo haikulala. Baba hakurudi Kasulu. Alichukua ya kwake mkataba ulipoisha, akamnunulia mama cherehani, na ndiyo iliyonisomesha.

Nivuke sasa niende Handeni, maana mtu akila posho lazima iwe imelimwa mahali. Posho ilikuwa sehemu ya ujira: unga, maharage, chumvi. Wazigua hawakuwa wapenzi wakubwa wa kazi ya mkataba kwenye mkonge. Mvua ikiwa nzuri waliona heri kulima na kuwauzia chakula wanaokata. Tatizo ni hiyo "mvua ikiwa nzuri". Handeni ni nchi ya njaa zinazojulikana kwa majina, na kila njaa iliacha madeni. Ile ya miaka ya 1830 iliwasukuma Wazigua wengi hadi pwani kutafuta chakula, wakajikuta wamewekwa rehani au wameuzwa, na wengine wakapelekwa mpaka bonde la Juba, Somalia. Wajukuu wa wajukuu zao walibaki wakisema Kizigua huko kwa zaidi ya karne moja na nusu. Vita vya Somalia vilipowatawanya, baadhi walirudi upande huu, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakapewa makazi Chogo, hapohapo Handeni. Nimewahi kufika Chogo kwa kazi ya kikundi cha kuweka na kukopa. Ilikuwa siku ya kawaida, watu wanabishana juu ya faini za waliochelewa, na mimi nikawa naandika huku akili yangu iko mbali.

Wajomba zangu waliuza mahindi kwa mwenye duka, naye akayauza mbele kwa wanaolisha makambi. Mwenye duka alikuwa ndiye ofisi yao ya fedha. Alikuwa na daftari refu jembamba, kila familia na ukurasa wake: kaniki, mafuta ya taa, chumvi, jembe, na upande wa pili debe za mahindi. Sheria ya mkoloni ilizuia Mwafrika kukopeshwa. Mfanyabiashara aliyetoa mkopo bila kibali hakuweza kuudai mahakamani. Ilielezwa kwamba inawalinda wenyeji wasinyonywe. Matokeo yake ni kwamba mkopo uliokuwepo ulikuwa wa kaniki na chumvi, kwa imani na kwa bei ya mwenye duka, na hakuna Mzigua aliyeweza kuingia benki Tanga akakopa fedha ya kununua lori la kubeba mahindi yake mwenyewe hadi Korogwe. Mimi naihesabu sheria hiyo kuwa ni sababu mojawapo kubwa ya kampuni za wenyeji kutokuwapo huku kwetu kwa muda mrefu. Ujuzi wa biashara ulikuwapo. Aliyekosekana ni mtu wa kubeba pengo la miezi mitatu.

Miaka ya 1950 ilikuwa minono. Vita vya Korea vilipandisha bei ya singa mno, mashamba yakapanuka, na mkonge ukaajiri zaidi ya watu 100,000 Tanganyika nzima. Hapo ndipo ofisi za fedha zilipokua. Zamani karani mmoja na meneja walitosha. Sasa palikuwa na karani wa mahudhurio, karani wa posho, mtunza stoo, keshia, na mhasibu juu yao, mara nyingi Mhindi au Mgoa. Wafanyakazi nao walijipanga. Chama chao cha wafanyakazi wa mkonge na mashamba, kilichoongozwa na Victor Mkello, kilikua haraka, na mgomo wa Mazinde wa 1958 ulionyesha kwamba foleni ya dirishani inaweza pia kukataa kupanga. Baada ya Uhuru, serikali ikaweka kima cha chini cha mshahara, na kipande kikafa kifo cha polepole.

Kwetu ndani ya ofisi, Uhuru ulionekana kwa safu za karatasi ya mshahara. Zamani palikuwa na jina, siku, ujira, basi. Sasa ikaongezeka ada ya chama. Mwaka 1964 likaja Shirika la Akiba ya Wafanyakazi, na safu nyingine mbili: anachokatwa mfanyakazi na anachochangia mwajiri. Kodi ya mapato kwa waliofikia. Karatasi ikawa pana mpaka unaigeuza. Kila safu ilikuwa fedha ya mtu mwingine iliyopita mikononi mwetu kwa siku chache, na ofisi mbaya ya fedha unaitambua kwa jinsi inavyozitazama siku hizo chache.

Mwaka 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 230,000 za singa. Haikufika tena hapo. Kamba za plastiki zilikuwa zimeingia sokoni, bei ikaanguka, na Oktoba 1967, miezi minane baada ya Azimio la Arusha, serikali ikachukua mashamba mengi na kuunda shirika la umma la mkonge. Wengi hueleza anguko lote kwa neno moja, kutaifisha. Siwezi kuungana nao moja kwa moja, kwa sababu bei ilishaanguka kabla. Lakini pia siwezi kuwaambia kuwa haikuchangia. Shamba la mkonge unalipanda leo kwa ajili ya miaka mitatu ijayo. Fedha ikiwa kidogo, kitu rahisi kuliko vyote kuahirisha ni kupanda, maana hakuna atakayeona mwaka huu. Ukiahirisha mara tatu, umefunga shamba, ila habari haijakufikia.

Niliingia ofisini mwishoni mwa miaka ya 1970, kwenye shamba moja wilayani Korogwe. Mhasibu wangu wa kwanza alikuwa mzee wa Kidigo kutoka Tanga, mtu wa kanzu siku ya Ijumaa na kaptula siku nyingine zote. Siku ya kwanza sikufunguliwa daftari. Alinituma ghalani.

"Mwanangu, nenda kahesabu marobota. Yaliyomo, na yaliyokwisha kupakiwa. Kisha uniulizie stesheni treni ya mzigo inakuja lini."

"Shikamoo mzee. Na karatasi ya mshahara?"

"Marahaba. Mshahara unaanzia ghalani."

Kila mwezi alifanya hivyo. Alikuwa na karatasi yake moja, ya mraba mraba, ambayo hakuna fomu ya shirika iliyoidai. Upande wa kushoto majuma, juu yake hatua: shambani, korona, nyayani, brashi, ghalani, treni, Tanga, melini, imelipwa. Aliandika tani kwa penseli na kuzisogeza kila juma. Meneja alipomwambia "tuna singa za shilingi kadhaa", mzee aliuliza ziko hatua gani. Za nyayani hakuzihesabu kuwa fedha hata kidogo, kwa sababu mvua ikinyesha daraja linashuka. Za melini alizihesabu nusu. Sijaona kitabu cha uhasibu chenye karatasi ile, na baada ya kufanya mitihani yote bado naiona bora kuliko taarifa nyingi zilizopigwa chapa.

Siku tatu kabla ya mshahara ilikuwa kazi ya kuchanganua noti na sarafu. Hii vijana hawaijui. Jumla ya mshahara ukiipeleka benki hivihivi, watakupa noti za mia tupu. Sasa mtu anayestahili shilingi 247 na senti 35 utamlipaje? Kwa kila jina tuliandika: noti za mia mbili, za ishirini mbili, sarafu ya tano moja, za shilingi mbili, senti ishirini, senti kumi na senti tano. Tukajumlisha kila safu kwa watu wote, na hizo jumla ndogo ndizo zilizopelekwa benki. Ukikosea safu moja, jumla kuu ni sahihi na mshahara haulipiki. Una noti za mia mkononi, foleni iko nje kwenye jua, na watu watatu watatu unawaambia wachukue mia moja yao wakagawane dukani, jambo ambalo mwenye duka hulipenda kuliko wote, kwa kuwa hawapati chenji bila kununua kitu.

Upande wa Handeni miaka hiyohiyo pengo lilikuwa limebadilisha mbebaji. Vyama vikuu vya ushirika vilifutwa mwaka 1976, na Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC, likanunua nafaka moja kwa moja kutoka vijijini, kwa bei ileile popote ulipo, iwe kando ya barabara kuu ya Segera au ndani kabisa Mgera. Kwa haki ni jambo zuri. Kwa hesabu, kila gunia la mbali lilikuwa na hasara ya usafiri ndani yake, na hasara hizo zikajikusanya kuwa deni kubwa Benki ya Taifa ya Biashara. Halmashauri za wilaya nazo zilikuwa zimevunjwa 1972. Zilirudi 1984, zikianza tena na hazina tupu. Kwa miaka kumi na miwili Handeni haikuwa na mweka hazina wake mwenyewe wa kumuuliza maswali. Wakulima walijua bei inatangazwa Dar es Salaam, na fedha inatoka hukohuko.

Miaka ya 1980 sina hamu nayo. Bei za vitu zilipanda kila mwezi, na mshahara uliochelewa wiki tatu ulikuwa mshahara uliopungua, ingawa tarakimu ni zilezile. Watu waliomba walipwe sabuni. Mwisho wa miaka ya 1990 mashamba ya umma yakauzwa. Uzalishaji wa nchi nzima ulikuwa umeshuka chini ya tani 30,000.

Kilichofuata Korogwe kinanivutia zaidi ya ubinafsishaji wenyewe. Kuanzia 1999, kampuni ya Katani iliyonunua sehemu ya mashamba ilianza mpango wa kuwapa wakulima wadogo viwanja vya mkonge ndani ya mashamba matano: Hale, Magoma, Magunga, Mwelya na Ngombezi. Mkulima alipanda, akapalilia, akakata; korona ilibaki ya kampuni; majani yalipimwa kwa mita. Watoto wa waliokuwa manamba wakawa wenye mkonge. Ukiitazama kwa jicho la dirishani, maana yake ni kwamba mkata mkonge sasa anasubiri pande zote mbili. Zamani alisubiri siku 30. Sasa anasubiri mkonge ukue, kisha anasubiri singa ziuzwe, na katikati anawalipa wakataji wake mwenyewe. Amekuwa tajiri mwenye shamba bila kuwa na benki ya tajiri. Ndiyo sababu vikao vya vyama vya wakulima, AMCOS zetu, huwa vikali juu ya jambo moja kuliko yote: fedha imefika wapi. Wanazungumza kama yule mzee wa Kidigo, ila hawana karatasi yake.

Dirisha lenyewe limezibwa. M-Pesa ilifika Tanzania mwaka 2008, na baada ya miaka michache mshahara ukawa unalia kwenye simu. Wakata mkonge wa leo hawajui kutia dole gumba kwenye wino. Serikali nayo tangu 2017 inataka kila malipo yake yapitie namba maalumu ya mfumo wake wa malipo, na mtoza ushuru wa magunia kwenye kizuizi cha Handeni ana kimashine mkononi badala ya kitabu cha risiti chenye kaboni. Wizi mdogo umepungua, hilo nimeliona. Lakini pengo la muda halipitii kwenye simu.

Nalijua hilo kwa sababu nimestaafu na bado naitwa. Kuna vijana hapa mjini Korogwe, chumba cha ghorofani karibu na stendi, wanaotengeneza programu za vyama vya ushirika. Mkulima akipeleka mkonge wake, mita zinaingizwa, makato ya trekta na korona yanajipiga, na ujumbe unamfikia kwenye simu kabla hajafika nyumbani. Kazi nzuri kweli. Walianza na chama kimoja, wakapata wa pili, wa tatu, kisha wateja wa mkoa mwingine. Walikuwa tisa ofisini. Vitabu vyao vilionyesha faida, na walikuwa hawajalipana mishahara miezi miwili.

"Mama, tunakua lakini hatuna hela," kijana mkubwa aliniambia, kama mtu anayeeleza dalili kwa daktari.

Nikawaomba mikataba, ankara na taarifa ya benki, nikachora ile karatasi ya mraba mraba. Mikataba iliyosainiwa wao walikuwa wameiita mapato. Kwa mzee wangu hiyo ni mkonge ulioko shambani. Ankara zilizotumwa ni marobota yaliyoko ghalani. Na ankara ya mteja ambaye mwenyewe analipwa singa zikishauzwa ni robota lililoko melini, tena meli isiyojulikana iko wapi. Upande wa pili mambo hayasubiri: seva wanaikodi kwa dola kila mwezi, jumbe za simu wananunua kwanza ndipo wazitume, michango ya hifadhi ya jamii ya NSSF na kodi ya mishahara ina tarehe zake. VAT ya asilimia 18 wanaidaiwa mwezi unaofuata ankara, tarehe 20, mteja amelipa au hajalipa. Yaani walikuwa wanaikopesha AMCOS, na wanaikopesha Serikali kodi ya fedha ambayo hawajaiona. Mhandisi wao mmoja aliitazama karatasi kwa muda akasema hiki ni kipande. Sikuwa nimemhadithia.

Walikuwa na mhasibu, kijana mwenye shahada, mwenye adabu na makini. Kazi waliyompa ilikuwa kupeleka ritani na kutunza risiti za mashine, yaani kuandika yaliyokwisha kutokea. Kwenye kikao cha kupanga bei hakualikwa. Kwenye kikao cha kumkubali mteja mpya hakualikwa. Niliwaambia wamwalike, na swali lake la kwanza kwa kila mteja liwe tarehe, si kiasi. Amelibeba vizuri. Juma la pili tu aligundua kwamba wakimwajiri mtu wa kumi wataingia kwenye tozo ya kuendeleza ufundi stadi, asilimia fulani ya mishahara yote ya kampuni, sio ya huyo wa kumi peke yake. Hakuna aliyekuwa amelijua, na tangazo la kazi lilikuwa limeshabandikwa.

Tukaenda kuzungumza na vyama. Mwenyekiti wa kwanza, mama mmoja mkulima wa Ngombezi aliyezoea kubishana na wanaume wa korona, alikubali chama chake kilipe kidogo kidogo kwa kila mita inayopokelewa, badala ya mkupuo mmoja baada ya mauzo. Alidai punguzo, akalipata. Wa pili alikataa kabisa mpaka singa ziuzwe. Hatukumlaumu, hana pa kuitoa. Wakataji wake mwenyewe walikuwa wamekaa nje wanamsubiri wakati tunazungumza. Vijana wamekubali kumngoja, ila sasa wamemwandika mahali pake kwenye karatasi, safu ya melini, kwa nusu. Mtu wa kumi bado hajaajiriwa.